Kiua cha Saba

Siku niliyokufa nilikuwa nimebakiza safu moja.
Kofia magotini, uzi nimekwisha kuupitisha kwenye nta,
na nyuma yangu, ngazini, mguu wa mtu
aliyejua kukiruka kidato cha tatu,
kile kinacholia.

Hilo tu ndilo nililoondoka nalo duniani:
kidato hakikulia.

Wakasema nimeteleza.
Mato hayaoni, ngazi za kale, amri ya Mungu.
Mwosha alipoigeuza shingo yangu aliona alama,
akaifunika kwa pamba na kafuri,
akazidisha sauti ya kisomo.
Kabla ya alasiri nilikuwa chini.
Watu wakala, wakahitimisha, wakagawana masufuria.
Kofia haikuulizwa na mtu.

Niliiuliza mimi.
Nikakaa kidakani, kando ya bakuli la kaure
na saa ambayo hakuna tena wa kuitia ufunguo,
nikawapekua wote walioingia.
Shekuwe, aliyenidai elfu nane tangu Ramadhani.
Jirani wa ukuta wa kusini,
tuliyefikishana kwa chifu kwa maji ya mvua.
Famau dalali, mume wa marehemu mpwa wangu,
aliyeleta karatasi mara tatu nitie sahihi
ili mgeni wake apate dari ya kuotea jua;
mara tatu nilimpa kahawa palepale dakani,
kalamu sikuishika.
Wote walilia. Kilio si ushahidi:
hata mimi nimewahi kulia matangani
kwa ajili ya kitunguu.

Mzuka hana mikono. Lijueni hilo, enyi mtakaokufa.
Haangushi kikombe, hasukumi mlango.
Punda peke yao ndio wanaonipisha njiani.
Basi nikangoja Maulidi.

Siku ya zefe kila mwanamume hutoka na kofia yake.
Nikapita juu ya vichwa kama anayechambua mchele,
tangu Langoni hadi Riyadha, nikisoma mikono ya mafundi:
huu wa Mwanaiki, hukaza mno;
huu wa cherehani, astaghafirullah;
huu wangu, wa mwaka ule wa mvua kubwa.
Matari yanalia. Safu zinayumba, zinarudi.
Na pale, kichwa kinainama, kinainuka
ndani ya kofia yangu.

Famau.
Ambaye hakuwahi kupanda ngazi zangu.

Na safu ya mwisho imeshonwa!
Nikashuka hadi nikaona jasho la kisogo chake.
Uzi umelazwa kwa mkono wa kushoto.
Amu nzima ni mmoja tu anayelaza hivyo,
nami niliushika mkono huo ukiwa na miaka tisa:
Thureya, binti yake,
aliyekuja kwangu kila asubuhi
akikiruka kidato cha tatu, akicheka.

Siku ya ngazi sikuumia hivi.

Tundu lile sisi twaliita kiua.
Miaka hamsini nimelitamka jina hilo
bila kulisikia.

Nikahesabu, kwa kuwa sijui kufanya jingine.
Moja, mbili, hadi sita.
Cha saba hakikutobolewa.
Cha kumi na nne, bafta tupu.
Cha ishirini na moja, tupu.
Mama alinifunza, nami nikamfunza Thureya peke yake:
*kofia ikiwa ya wizi, nawe umelazimishwa kuimaliza,
ruka kila cha saba; fundi ataelewa.*

Ameyasema yote, maskini, juu ya kichwa cha babake,
mchana kweupe, mbele ya mji mzima,
kwa herufi ambazo msomaji wake
yuko kaburini.

Nani alimwambia babake habari ya kidato?
Labda mtoto alisimulia tu, wakila.
Sitaki kujua. Nataka kujua.

Usiku huu nyumba yangu ina kufuli jipya.
Thureya yuko kwao, taa ya chemni kando,
na kitoto cha jirani kimeshika sindano kwa mara ya kwanza.
“Sita,” chasema, ulimi nje.
“Enhe,” asema Thureya, bila kuinua uso.
“Na ukifika saba?”